Mama Yangu, Mbio za Swima na Unabii Wangu wa Uongo

Ndugu zangu, bamama na bapapa, musiseme amen bado. Mara ya mwisho mliposema amen kwa maneno yangu, mama yangu alitundikiwa serumu ya maji mshipani.

Ile sauti ya unabii iliyosikika mwaka jana katika maombi ya asubuhi ya wamama, ile nzito iliyotoka nyuma ya ngoma, haikuwa ya malaika. Ilikuwa yangu.

Basi, nimesema. Muchungaji, unaweza kunywa maji kidogo.

Muchungaji aliniambia niandike kila kitu kwanza, halafu nisome tu, nisiongeze neno. Hauamini mdomo wangu, na mkisikia habari yenyewe mtaona ana haki. Majina sitayataja. Mama yangu mtamtambua wenyewe: yuko pale kwenye benchi ya wamama, ndiye peke yake asiyecheka.

Mama ana miaka hamsini na kidogo. Hicho kidogo hapendi kisemwe. Anauza ndagala, wale dagaa wa ziwa, sokoni hapa Baraka. Baba alienda kwenye machimbo ya dhahabu wakati sijaota meno, na mpaka leo akipiga simu anasema yuko njiani. Huyo ndiye aliyestahili mazoezi ya mbio. Lakini aliyeanza kukimbia ni mama.

Ilianzia kwenye kituo cha afya. Muganga alimpima tension ya damu, akatikisa kichwa, akamwambia, "Mama, inafaa utembee-tembee."

Mama akamtazama kama mtu anayemuuzia maji ya ziwa. "Kutembea? Mi natembea na beseni ku kichwa tangu we uko mu tumbo ya mama yako. Tafuta dawa ingine."

"Basi kimbia," muganga akasema. Yeye alikuwa anatania. Mama hakutania. Siku iliyofuata, jua halijatoka, alivaa viatu vya michezo alivyochagua sokoni kwenye lundo la chaguwa, ile mitumba, vikamzidi mguu, akajaza vitambaa mbele, akafunga kikwembe kiunoni, akatoka.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa Fizi. Huku kwetu mtu mzima akionekana anakimbia alfajiri, hatuulizi anakimbilia wapi. Tunauliza wenye bunduki wanatokea upande gani. Mama mmoja aliyekuwa anafagia aliacha ufagio, akamshika mtoto, akakimbia. Jirani akamwona huyo, naye akatoka. Walipofika karibu na soko, nyuma ya mama yangu kulikuwa na avenue karibu nzima, huyu na godoro kichwani, yule na sufuria ya maharage ambayo bado inachemka. Mama akageuka, akaona umati, akadhani vita imefika kweli, akaongeza mbio. Mpaka leo ninaamini hiyo ndiyo siku aliyokimbia kasi kuliko zote, na hakuna aliyempima.

Chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, alimwita. "Mama, kukimbia hatukukatazi. Lakini kimbia na kitu cha kuonyesha amani."

Tangu siku ile akikimbia anaimba. Mtu anayekimbia vita haimbi.

Mnaijua mbio yetu ndefu, ile marathon ya vijana. Inaanzia Swima, inafuata barabara ya ziwa, inapita hapa Baraka, inapanda mlima wa njia ya Fizi, inageuka huko juu na kurudi kumalizia uwanja wa mpira. Barabara inafungwa kwa moto, yaani pikipiki, na magari mpaka saa sita ya mchana. Saa sita baria, ile kamba ya polisi, inainuliwa, na kila anayekaa chini njiani au anayepitwa anaokotwa na kamio, lori linalofuata nyuma ya wa mwisho. Mwaka wa kwanza mama alijiandikisha, vijana wakacheka, mimi nikacheka kuliko wao. Aliokotwa mlimani. Kamio hiyo ilikuwa na mbuzi, kwa sababu chofa, dereva wake, hakukubali kusafiri bila faida.

Jioni nilimkuta anachambua ndagala bila kuinua macho. Nikamwambia, "Maman, kwa nini unakasirika? Si walikupa lift ya bure?"

Akasema polepole, kwa sauti ambayo sikuizoea. "Sikiliza, mutoto. Wakati ya vita banilipakia ku mashua. Ngambo ya ziwa kule banilipakia ku kamio, mupaka mu kambi ya bakimbizi. Miaka ya nyuma banilipakia tena, banirudishe. Kila fasi nilifika, ni muntu njo alinifikisha. Mara moja tu nataka nifike miye mwenyewe, na miguu yangu."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita.

Mwaka uliofuata, mbio ikikaribia, mama aliwaomba wamama wenzake wa maombi wamwombee aongeze kasi. Asubuhi hiyo nilikuwa nyuma ya pazia nakaza ngozi za ngoma. Wamama wote macho yamefungwa, mikono juu, kila mmoja na sauti yake. Shetani hakunijaribu, ndugu zangu, musimusingizie. Ni mimi tu. Niliweka mdomo ndani ya ngoma kubwa, ile iliyopasuka upande mmoja, nikatoa sauti ya chini: "Binti yangu! Binti yangu unayekimbia! Funga siku tatu, chakula kisipite mu mdomo, nami nitakupa miguu ya swala!"

"AMEN!"

Nilikuwa nimeuma mkanda wa ngoma nisicheke. Nilifikiri watafungua macho, watanikuta, watanipiga kofi mbili, tutacheka, tutaenda. Lakini mama prezidente, kiongozi wa wamama, alikuwa amepiga magoti analia machozi ya kweli. Akatangaza kwamba dada yao hatafunga peke yake. Watafunga wote.

Nilitaka kusema. Kila nilipofungua mdomo nilimwona mama prezidente na leso yake. Siku ya kwanza sikusema. Ya pili, nyumbani hakuna aliyewasha moto, nikajipikia bugali iliyokuwa ngumu hata kuku walikataa, nayo pia sikusema. Ya tatu, siku ya mbio, mama alienda Swima na maji kwenye chupa na uso unaong'aa kwa imani. Ile imani ndiyo ilinifunga mdomo. Nilijiambia labda Mungu atanisaidia kwa huruma, afanye uongo wangu uwe kweli.

Hakufanya. Mama alipita Baraka akiyumba, akafika chini ya mlima, akakaa kwenye mawe kama mtu anayepumzika, halafu akaanguka upande. Chofa wa kamio na vijana wawili walimbeba. Walimweka katikati ya mbuzi kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Nilipofika kwenye kituo cha afya, serumu inadondoka, muganga amekasirika. "Nani alimuambia akimbie na njaa ya siku tatu? Muntu wa tension? Munionyeshe mi huyo muntu!"

Nilitazama ukuta.

Sasa nitasema jambo ambalo halina kichekesho. Mama alipona mwili. Lakini hapa kanisani, na ninyi mnajua, yalianza maneno. Unabii haukutimia, kwa hiyo kosa ni la nani? Walisema alikula kwa siri. Wengine walisema ana dhambi aliyoificha. Nilisikia kwa masikio yangu kwenye bomba la maji. Mama akaacha kukimbia. Halafu akaacha maombi ya asubuhi. Halafu Jumapili akawa anaketi karibu na mlango na kutoka kabla ya baraka. Viatu alivitundika kwenye msumari nyuma ya nyumba, kuku akaanza kutagia humo.

Siku moja mchana, soko limelala, nilikaa karibu naye tukitoa mawe kwenye ndagala. Nikasema, "Maman, ile sauti."

"Sauti gani?"

"Ile ya nyuma ya ngoma. Ni miye."

Hakuacha kuchambua. Mikono yake ilienda vilevile. Nilisubiri kofi. Nilikuwa tayari hata nimegeuza shavu zuri. Akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Mi nilikuzaa, sauti yako sitaijua?"

"Sasa juu ya nini ulifunga?"

Hapo ndipo aliacha ndagala. Akanitazama. "Nilisema, leo Mungu amepata kazi ya kumupa huyu mutoto."

Ndugu zangu, nawaambia, nimepigwa na walimu, nimepigwa na fimbo ya mkurugenzi wa shule, nimewahi kupigwa na mbuzi. Hakuna kilichoniangusha kama neno hilo. Mama yangu alisikia sauti yangu ya kijinga, akaijua, na bado akaamini. Aliona njaa si kitu kama mtoto wake amekuwa mtu wa maana. Nililia pale sokoni mbele ya wateja, na mmoja akaomba apunguziwe bei kwa sababu ndagala zimelowa.

Mama alipanga bidhaa zake, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja kwa mama prezidente. Nikarudia yote. Mama prezidente alijitazama kiunoni. Halafu akasema, "Mi nilikonda juu yako. Na huu mwili nilikuwa naupenda." Akaingia ndani, tukasikia kitu kama kilio. Kumbe anacheka. Alipotoka alikuwa amefuta macho, akamwambia mama, "Dada, tulikuombea vibaya, halafu tukakusema vibaya. Sasa utatuambia tufanye nini."

Mama akasema, "Mulifunga juu yangu. Sasa munilishe."

Hivyo ndivyo mazoezi yalivyoanza upya. Kuku tulimwomba ahame.

Mimi nikawa kocha, si kwa cheo, kwa adhabu. Nilienda kumuuliza mwalimu wetu wa michezo, nikamwambia ni kwa ajili ya mtihani, naye akafurahi mpaka nikaona aibu. Akanieleza kwamba wengi wanakosea kwa kukimbia kila siku mwendo uleule wa katikati, ambao haupumzishi mwili wala hauuongezei nguvu. Siku za polepole ziwe polepole kweli. Siku za kasi ziwe kasi kweli. Na mara moja kwa juma, safari ndefu.

"Polepole namna gani?" nikauliza.

"Mkimbiaji aweze kuzungumza bila shida."

Basi tukapata kipimo chetu. Mimi nilikuwa nyuma kwenye baiskeli ya jirani, mama mbele. Kama anaweza kunigombeza sentensi nzima, kuanzia hesabu nilizoanguka mpaka sahani nilizoacha bila kuosha, bila kukata pumzi, mwendo ni mzuri. Akianza kumeza maneno namwambia apunguze. Siku za kasi, kwenye mlima wa njia ya Fizi, nilijua kazi imefanyika pale aliposhindwa kusema chochote isipokuwa "Mu... jinga!" Na kwa kuwa siku hizo hakuweza kuimba, mimi nilitangulia nikipiga kengele ya baiskeli na kupaza sauti, "Ni michezo! Hakuna vita! Laleni!" Wanawake waliokuwa wanashuka na mizigo kutoka Lubondja walisimama pembeni. "Mama, huyu mutoto anakukimbiza juu ya nini?" Mama hakuwa na pumzi ya kujibu, akanionyesha tu kwa kidole kama mwizi.

Kutoka nyuma niliona jambo ambalo yeye hakulijua. Mkono wake wa kushoto ulikwenda vizuri. Wa kulia ulikuwa juu karibu na sikio, na shingo imenyooka kama mti wa bendera.

"Maman, hiyo beseni utaitua saa ngapi?"

Akasimama. Akautazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine. Miaka yote ya kubeba samaki kichwani, mwili ulikuwa haujaambiwa kwamba mzigo haupo. Kuushusha mkono huo kulituchukua muda kuliko kuuzoea mlima. Kila ulipopanda nilipiga kengele, naye akaushusha, ukapanda tena. Lakini ulipokubali kushuka, mabega yalilegea, pumzi ikaingia, na mama akaniacha kwenye mteremko nikiwa kwenye baiskeli. Sisemi uongo. Breki zilikuwa mbovu, niliogopa.

Kulikuwa na shida ya kikwembe. Kinafunga magoti, hatua inakuwa fupi. Na suruali kwa mwanamke, kanisa letu mnalijua. Mama prezidente alichukua kitambaa kilichobaki cha sare ya kwaya, akashona kaptula ndani na sketi pana juu yake. "Bazee bataona sketi," akasema, "na miguu itajua kaptula."

Siku ya mbio ikafika. Wamama wa maombi waligawana barabara kutoka Swima. Huyu na termosi ya chai yenye sukari nyingi, yule na viazi vitamu vya kuchemsha na chumvi, mwingine na ndizi. Mama alikula usiku wa kuamkia, akala asubuhi, akala akikimbia. Muganga wa kituo cha afya, aliyempima tension juma lile na kumruhusu kwa shingo upande, alisimama kwenye kona na mikono kiunoni, akihakikisha anatafuna.

Mimi niliwekwa pale juu mlimani wanapogeukia. Kamio ilikuwa imetangulia kusubiri huko wa mwisho ageuke, na chofa aliponiona akanisalimia vizuri sana. "Mutoto ya ule mama! Mwambie nimemuchungia fasi yake ya kukaa. Pembeni ya mbuzi, kama siku zote."

Wakimbiaji walikuja, wakageuka, wakateremka. Wakapungua. Halafu ikawa kimya. Chofa akawasha injini.

Mama alitokea kwenye kona ya mwisho. Mikono yote chini. Hakuimba, hakunitazama, alizunguka lile pipa la kugeukia na kuanza kuteremka. Nikaamua kukimbia naye mpaka uwanjani, kwa upendo na kwa picha. Ndugu zangu, nilidumu mpaka kwenye daraja. Ubavu ulinichoma kama kisu, nikakaa chini, na sheria ni sheria. Niliokotwa. Mimi, kocha, niliwekwa pembeni ya mbuzi.

Sasa fikirini. Nimesimama juu ya kamio, nimeshika paa la kabine, na mbele yetu barabarani kuna mtu mmoja tu, mama yangu, na kamio inamsogelea. Nikapiga paa. "Chofa, polepole!"

"Mi niko na masaa yangu!"

"Chofa, nakuomba!"

"Mwambie yeye aende mbio!"

Nikamwona mama anasikia injini. Mabega yalishtuka. Mkono wa kulia ukaanza kupanda. Ukafika kiunoni, ukafika kifuani, na mimi sina kengele. Nikapiga kelele kwa ile sauti ya chini, sauti yenyewe, sauti ya ngoma, kwa kuwa ndiyo inayofika mbali: "Maman! Tua beseni!"

Mkono ukashuka. Akaondoka mbio.

Mbele, kwenye baria ya kuingilia uwanjani, moto zilikuwa zimejaa, zinanguruma, kila motari, dereva wa moto, anataka kupita. Polisi ameshika kamba, anatazama saa yake. "Bado!" anasema. "Saa sita haiyafika, bado!" Motari waliomtambua mama walizima injini mmoja mmoja. Mmoja akasimama juu ya kiti. "Mama ya ndagala! Ingia! Ingia!" Akapita katikati yao. Alipovuka mstari, polisi akatazama saa tena, akainua baria, na moto zote zikaingia nyuma yake kwa honi kama harusi ya mtu mkubwa. Alikuwa wa mwisho kati ya waliofika. Nimesema waliofika.

Nawashukuru wamama wa maombi, waliofunga kwa ujinga wangu na kulisha kwa upendo wao. Namshukuru muganga, mwalimu wa michezo niliyemdanganya, jirani mwenye baiskeli, ambaye leo nitamwambia pia kuhusu breki. Hata chofa namshukuru, alikataa kutupendelea. Kwa vijana wenzangu ninasema hivi: kukiri kosa ni kilometa ya kwanza tu, usikae chini hapo ukidhani umefika. Na kwa kanisa lote, mkisikia sauti inawaambia mkae na njaa, tumeni mtu aangalie kwanza nyuma ya ngoma.

Nimesikia hapa mjini kwamba mama alipofika alitoa neno kubwa, wengine wanasema alihubiri. Mimi nilikuwepo. Niliruka kutoka kwenye kamio, nikapenya. Vijana walitaka kumbeba mabegani, akawatoa mikono. Motari mmoja akaleta moto yake mpaka miguuni pake amrudishe nyumbani bure. Mama aliinama, akavua viatu, akanipa, na alichosema ni hiki, neno kwa neno:

"Kwetu ni hapo tu, natembea. We beba viatu, binanuka."